Historia na Nesi, sehemu ya 6: Mbwa waliobeba dawa

Ukiona video ya familia huko Alaska inavutwa na mbwa juu ya theluji, watoto wanacheka, usidhani ulianza kama mchezo tu. Januari 1925 mji wa Nome ulivamiwa na dondakoo. Barafu imefunga bandari, ndege za enzi zile haziaminiki kwenye baridi hiyo. Basi wanaume 20 na mbwa kama 150 wakapokezana dawa kutoka stesheni ya Nenana, kilomita 1,085, siku 5 na nusu. Yaani zaidi ya kwenda na kurudi Dodoma–Dar! Ikafika Februari 2.

Wewe huhitaji mbwa. Kinga ya dondakoo imo kwenye chanjo ya penta, bure kliniki, wiki ya 6, 10 na 14. Mama, kadi ya mtoto iko wapi?