Bashraf na Kina cha Bahari: Utungo Usio na Maneno katika Taarabu ya Unguja

Historia ya taarabu ya Unguja imezoeleka kuandikwa kama historia ya maneno. Wahakiki hukusanya beti, huchambua mafumbo, na humpa Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928, nafasi anayostahili. Kinachosahaulika ni kwamba katika hafla ya taarabu ya jadi, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, okestra hupiga bashraf, yaani utungo wa ala tupu. Makala haya yanashikilia kwamba utungo huo nao unastahili uhakiki.

Bashraf asili yake ni muziki wa Kituruki wa dola ya Uthmania, uliofika Unguja kwa njia ya Misri. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash (1870–1888) alimpeleka Mohamed Ibrahim Kairo kujifunza muziki. Hata hivyo, ni baada ya kuundwa kwa Ikhwani Safaa mwaka 1905 ndipo sanaa hiyo ilipopata chama cha watu wa mji cha kuilea.

Kimuundo, bashraf hugawanyika katika sehemu ziitwazo khana, kwa kawaida nne. Kila khana huja na lahani yake: moja huweka msingi wa makamu, nyingine hupanda sauti za juu au huhamia makamu ya jirani. Baina yake hurudi taslimu, ambayo haibadiliki. Udi, kanuni, nai na fidla hupiga lahani hiyo hiyo, kila ala ikiipamba kwa namna yake.

Mwaka huo huo wa 1905, La mer ya Debussy ilipigwa Paris kwa mara ya kwanza. Ni utungo wa okestra wenye sehemu tatu zinazotofautiana, kuanzia alfajiri baharini hadi mazungumzo ya upepo na bahari. Mhakiki Pierre Lalo alilalamika kwamba hakuisikia bahari wala kuiona. Alikuwa akiudai muziki picha, badala ya kuusikiliza ulivyojengwa. Anayeipuuza bashraf kwa kuwa haina maneno anafuata nyayo zake.

Kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili, ufunguo uko karibu. Katika utenzi, vipande vitatu vya kwanza vya ubeti hubadili kina kila ubeti uingiapo, ilhali kipande cha nne hushika kina cha bahari toka mwanzo hadi tamati. Haidaiwi hapa kwamba bashraf ilizaliwa na utenzi. Nasaba zao ni mbalimbali. Linalodaiwa ni kwamba sikio lililolelewa na utenzi halikuwa geni mbele ya taslimu: lilikwisha kujua kuyavumilia mageuko kwa kungojea marejeo.

Kwa hiyo, kuiita bashraf utangulizi wa Kiarabu unaongoja taarabu ya Kiswahili ianze ni kumnyima msikilizaji wa Unguja sehemu yake katika utungo. Uswahili wa taarabu haukungoja neno la kwanza la mwimbaji. Ulikuwamo tayari katika usikivu.