Mahafali Kabla ya Mtihani

Wapo wanaoyabeza mahafali ya kidato cha nne Tanzania: vipi tushangilie mavuno ilhali mtihani wa taifa bado? Hoja hiyo inasahau historia. Mwaka 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Rais Nyerere alitaka shule iwe jumuiya yenye shamba lake, isiyompima mtu kwa mtihani pekee. Azimio la Musoma la chama tawala, TANU, la 1974 nalo likawataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza, ndipo waende chuo kikuu. Ni kweli, leo cheti ndicho mfalme. Lakini risala, ngonjera na machozi ya wadogo wanaobaki bwenini havisifu alama. Vinawaaga wenzao walioishi nao. Mahafali si sherehe ya ushindi, ni kuagana.