Manahodha wa Majahazi na Bahari Inayogeuka

Manahodha wa zamani toka Oman hawakuwa na simu wala rada, ila bahari waliisoma kama kalenda. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, iliwaleta Lamu, Mombasa na Unguja, na hata mkondo wa pwani ya Somalia miezi hiyo hugeuka kwenda kusini. Aprili masika yakikolea, Rufiji humwaga maji mengi na chumvi hupungua pwani. Kusi nayo huanza, mkondo unakimbilia kaskazini. Hapo ndo safari ya kurudi! Aliyezubaa mpaka Juni bahari ilichafuka, akasubiri Agosti. Wengine wakaoa hukuhuku. Kumbe undugu wetu na Oman, wadau, upepo nao umechangia!