Vidole Vilivyokataa Wino

Mwishoni mwa miaka ya 1940, masetla wa Kizungu nchini Kenya walikataa katakata kuchukuliwa alama za vidole. Serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 1947, iliyotaka wanaume wa rangi zote, kuanzia miaka 16, waandikishwe kwa utaratibu mmoja. Masetla wakaitana mikutanoni, wakaandika magazetini, wakawabana wawakilishi wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Walisema kwamba kumshika muungwana mkono, kumtia wino na kumkandamiza kidole kwenye karatasi ni kumfanya mhalifu kabla hajakosa. Serikali iliwasikiliza. Iliunda tume chini ya Sir Bertrand Glancy, aliyewahi kuwa gavana wa Punjab, na baada ya mabishano hayo sheria ikalegezwa: anayeweza kujaza fomu kwa Kiingereza na kutia saini yake alikubaliwa kutoa picha badala ya vidole. Rangi haikutajwa. Kilichotajwa ni Kiingereza, na kila mtu alielewa.

Nimeanza na masetla hao kwa makusudi. Kila tunapobishana kuhusu serikali kusikiliza simu zetu, kukusanya picha za nyuso zetu na kutupa namba mpya, hatukosi kuambiwa kwamba faragha ni anasa iliyoletwa juzi na mawakili, na kwamba nchi yenye magaidi mpakani haiwezi kuimudu. Historia yetu inasema vingine. Dola hii imeijua faragha na kuiheshimu tangu enzi za ukoloni. Iliigawa kwa ubaguzi.

Naandika haya nikiwa mtu aliyeshika vidole vya wenzake ili apate riziki. Nilikuwa karani wa usajili katika mji mmoja wa Bonde la Ufa tangu miaka ya 1980, kabla mashine za kisasa hazijafika. Unamimina wino mzito mweusi juu ya bamba, unausambaza kwa rola mpaka uwe mwembamba na sawasawa. Kisha unamwambia mwombaji alegeze mkono, kwa maana akikaza chapa inaharibika, unakishika kidole na kukiviringisha kwenye fomu ya 136A kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi wa pili. Vyote kumi. Vijana wa shule walitoa chapa safi. Wavunja kokoto na wachuma chai walitusumbua. Mistari ya vidole vyao ilikuwa imelika, na fomu zao zilirudishwa kutoka Nairobi, wakaitwa tena. Tambara la kujipangusia halikutosha kamwe. Watu walitoka wakapangusa mikono ukutani, na ukuta wa nje wa ofisi ulikuwa na michirizi myeusi hadi kimo cha kifua. Sikumwona mtu hata mmoja aliyefurahia kushikwa vile. Walivumilia kwa sababu bila kitambulisho huajiriwi, hupigi kura, hufungui akaunti, na ukikutana na polisi usiku una kesi.

Kazi hiyo ilikuwa na ukoo mrefu. Ofisi ya kwanza ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897, na ufunguo wa kuzipanga chapa ulibuniwa huko chini ya Edward Henry, kwa jasho la maofisa wawili wenyeji wa Bengal, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Henry akaupeleka London mwaka 1901. Kule, Scotland Yard iliutumia kwa waliotiwa hatiani. Ulipofika Kenya, ulitumika kwa wanaume wote Waafrika, wawe wametenda jambo au hawajatenda.

Sheria ya kuwaandikisha ilipitishwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na vita, ikaanza kutekelezwa mwaka 1919 na 1920. Mwanamume wa miaka 16 na kuendelea alipewa karatasi yenye jina lake, kabila, wilaya na alama ya kidole, pamoja na nafasi ambamo mwajiri aliandika tarehe ya kuanza kazi, kiwango cha mshahara na tarehe ya kuacha. Karatasi ilikunjwa ikatiwa ndani ya kikopo cha chuma, kikaning'inizwa shingoni kwa uzi. Hicho ndicho kipande, jina ambalo wengi wetu bado tunakiitia kitambulisho. Wazee wa Kikuyu walikifananisha na kengele anayofungwa mbuzi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1930 vilikuwa vimetolewa zaidi ya milioni moja.

Babu yangu mzaa baba alikufa akiwa na chake. Nilipokifungua nikiwa mtu mzima, tayari mwenye kazi ya usajili, nilisoma mambo ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuyasoma. Alihama shamba hadi shamba, mwandiko wa setla mmoja ukifuatwa na wa mwingine, na mshahara ulibaki ule ule. Ilikuwaje asiongezwe? Kila mwajiri mpya alitazama alichompa wa kabla yake, akaandika hicho hicho. Karatasi iliyokuwa shingoni mwa babu ilijua habari zake kuliko alivyozijua yeye, na ilimsemea kwa bwana shamba kabla hajafungua mdomo. Bila tarehe ya kuachishwa kutiwa saini hakuweza kuajiriwa kwingine. Akitoroka, ni kosa la jinai, na chapa za vidole zilizohifadhiwa Nairobi zilimfuata hata kama angebadili jina.

Maofisa walisema mpango huo ni wa kulinda utulivu wa nchi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwabana vibarua mashambani. Tofauti hiyo ni ya kuikumbuka, kwa sababu tangu hapo neno usalama limetumika mara nyingi kufunika haja nyingine.

Mwanaharakati Harry Thuku aliliona hilo mapema. Mwaka 1921 alizunguka akipinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922 na kuwekwa katika kituo cha polisi cha Nairobi. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje kudai aachiliwe, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akiwa mstari wa mbele akiwachochea wanaume waliosita. Polisi walifyatua risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa. Wengine walitaja idadi kubwa zaidi. Nyanjiru alikuwa mmoja wao. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu, na kipande kikaendelea kuvaliwa kwa miaka mingine zaidi ya 20.

Sasa weka mambo hayo mawili pamoja. Waafrika walipolalamika, walipigwa risasi. Masetla walipolalamika juu ya jambo lile lile, waliundiwa tume.

Kipande cha shingoni kikaondolewa, kikaja kitambulisho cha wanaume wa rangi zote. Lakini Hali ya Hatari ilipotangazwa dhidi ya Mau Mau tarehe 20 Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengewa vitabu vya pasi vilivyobeba tena kumbukumbu za ajira zao. Tarehe 24 Aprili 1954 askari na polisi wapatao 25,000 waliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Walifunga barabara, wakapita mtaa kwa mtaa wakidai karatasi. Watu walipitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia, macho tu yakionekana kwenye matundu, na kutikisika kwa kichwa kulitosha kumpeleka mtu kwenye kambi za kizuizini za Lang'ata, Mackinnon Road au Manyani. Zaidi ya 20,000 walizuiliwa. Hakuna shahidi aliyehojiwa, hakuna hakimu. Aliyekaa ndani ya gunia alikuwa na faragha kamili. Aliyesimama mbele yake hakuwa nayo hata kidogo.

Serikali huru ilirithi makabati. Wanawake waliingizwa katika usajili mwaka 1978. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali waliamriwa kupigwa msasa upya na kubeba kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Hoja ilikuwa usalama, mpaka na wageni. Raia ambaye mzazi wake alizaliwa Wajir kabla ya uhuru akajikuta anajieleza mbele ya kamati.

Niliyaona hayo kwa Wanubi pia. Babu zao waliletwa kama askari wa King's African Rifles, wakapewa ardhi Kibera na kwingineko, wakapigana vita viwili vya Uingereza. Mjukuu alipofika dirishani kuomba kitambulisho, haikutosha kuleta cheti cha kuzaliwa na barua ya chifu kama mwenzake wa kabila jingine. Aliulizwa karatasi za babu. Nakumbuka kijana aliyekuja na medali ya vita ya babu yake, imefungwa kwenye leso, akaiweka mezani. Haikuwa kwenye orodha ya vielelezo. Aliambiwa asubiri siku kamati itakapokaa, akaikunja ile leso polepole, akaondoka. Mwenzake wa darasa moja, aliyekuja naye asubuhi ile, alikuwa tayari ameshapakwa wino.

Mimi si mtu wa kusema serikali ifumbe macho. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulilipuliwa katikati ya Nairobi na watu 213 wakafa. Septemba 2013 walikufa 67 katika shambulio la jumba la maduka la Westgate. Tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, 148, wengi wao wanafunzi. Alama za vidole zimewarudishia jina maiti wengi waliookotwa bila jina, na kazi hiyo naiheshimu. Mzazi wa Garissa ana haki ya kuiuliza serikali ilikuwa wapi.

Lakini tazama ilichokifanya. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, walikamatwa na wengi wakakusanywa uwanja wa Kasarani ili karatasi zao zichunguzwe. Ni Anvil iliyorudiwa baada ya miaka 60, na mwaka mmoja baadaye Garissa ikashambuliwa. Desemba 2014 Bunge likapitisha marekebisho ya sheria za usalama katikati ya vurugu za wabunge. Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane. Vifungu vya kunasa mawasiliano katika kupambana na ugaidi viliachwa visimame, na sheria ya Idara ya Ujasusi ya mwaka 2012 inataka hati ya jaji kabla ya faragha ya mtu kuingiliwa. Huo ni msingi mzuri: mpelelezi anaomba ruhusa kwa mtu asiye bosi wake, anataja mtuhumiwa na sababu. Kuuzingira mtaa mzima ni jambo jingine kabisa, na matokeo yake ni hasira ya watu ambao ndio wangetoa habari.

Kisha ikaja Huduma Namba. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yalitaka kukusanya katika hifadhi moja vidole, nyuso, hata vinasaba vya DNA na mahali halisi pa makazi kwa vipimo vya setilaiti. Waliokwenda mahakamani kuzuia ni pamoja na Nubian Rights Forum, watu wa yule kijana wa medali. Walijua kwa uzoefu kwamba asiye na karatasi ya zamani hatapata namba mpya, na asiye na namba atafungiwa kila mlango. Tarehe 30 Januari 2020, majaji Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir waliamua kwamba kukusanya DNA na vipimo vya makazi ni kinyume cha Katiba, na kwamba mpango uliobaki usiendelee bila kanuni kamili za kulinda taarifa za watu. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akabatilisha utoaji wa kadi kwa kuwa tathmini ya athari kwa taarifa za watu haikufanywa kwanza. Sasa tuna Maisha Namba, mpango uliochukua nafasi yake.

Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya faragha. Neno muhimu hapo ni "kila". Limempa mvunja kokoto kile ambacho setla alipewa kwa kujua Kiingereza. Ila Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeacha msamaha kwa kazi za usalama wa taifa, na msamaha huo haujapimwa upana wake. Tangu 1919, wanaoumia na misamaha ya namna hiyo wamekuwa watu wa kabila fulani, dini fulani, mtaa fulani.

Kwa hiyo ombi langu kwa wabunge ni hili: andikeni katika sheria kwamba kila mwaka itangazwe idadi ya hati za kunasa mawasiliano zilizoombwa, zilizotolewa na zilizokataliwa na majaji, bila majina, bila siri za kesi. Na mtu aliyechunguzwa akakutwa hana hatia ajulishwe baadaye, ili aweze kudai haki yake. Gaidi hafaidiki kwa kuijua idadi hiyo. Mwananchi anafaidika.