Mifupa ya Koru ni Yetu, Geti si Letu

Wasee wa Kisumu, tuambiane ukweli: wengi wetu Koru tunaijua kwa miwa na chokaa tu. Lakini mwaka 1926, mlowezi mmoja aitwaye H. L. Gordon alipata mifupa iliyogeuka mawe ndani ya chokaa shambani kwake huko. Ikapelekwa London. Mwaka 1933, Arthur Hopwood akampa mnyama huyo jina: Proconsul. Mnajua limetoka wapi? Consul, sokwe wa maonyesho aliyechekesha watu Uingereza. Yaani kiumbe aliyeishi hapa kwetu karibu miaka milioni 20 iliyopita, amebatizwa jina la mchekeshaji wa ng'ambo!

Leo sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inasema mabaki ya kale yaliyo ardhini ni mali ya serikali, yaani yetu sote. Sawa. Lakini juu yake kuna shamba, na shamba lina mwenyewe. Mimi nilienda huko na simu tu nirekodi, nikarudishwa getini. Simlaumu mkulima. Tukikanyaga mimea yake, nani atamlipa? Shida ni kwamba mfupa una sheria, lakini mtoto wa Muhoroni hana njia ya kufika ulipotoka.

Na inawezekana. Hyrax Hill kule Nakuru pia ilikuwa shamba la mlowezi, na tangu 1965 ni makavazi, unalipa unaingia. Kaunti ikae chini na wenye mashamba, walipwe, tupewe njia na kibao. Ni hayo tu.