UZI: Ile shilingi ya fedha tunayoililia

Wenzangu, leo tuache deni la taifa kidogo. Kuna kauli moja inarudi kila msimu wa siasa, barazani Ukunda, redioni, mpaka kwenye maoni ya nyuzi zangu: "Zamani shilingi ilikuwa pesa kweli." Msemaji anainua noti juu ya jukwaa, anauliza hii itanunua nini, watu wanapiga makofi. Husemwa na yeyote aliye nje ya serikali wakati huo, akiingia anaisahau. Simtaji mtu, kanuni za uzi huu mnazijua.

Mimi ilinikuta nyumbani Msambweni. Nilikuwa na salio la ada chuoni, na mjomba akakumbuka mkebe wa bibi. Alikuwa amesikia kwamba sarafu za kale zina bei, za fedha hasa. Bibi akautoa chini ya kitanda: rupia mbili za India, moja ya 1906 na moja ya 1912, alizoachiwa na mamake, na shilingi moja ya Afrika Mashariki ya 1952, ile ya simba na milima. Hiyo alipewa na babake akiwa mtoto, pesa ya kukata miwa Ramisi. Rupia alitukabidhi bila neno. Shilingi aliishika. "Hii ndiyo fedha yenyewe," akasema. "Siku hizi mwapewa mabati."

Kwa sonara tulikaa dakika kumi. Rupia akazipima. Shilingi aliisoma mwaka tu, akairudisha juu ya meza. "Hii haina fedha, mama." Bibi hakujibu. Alifunga kitambaa chake akasema twende.

Sasa nieleze kwa nini sonara hakuhitaji hata mizani.

Tuanze na neno lenyewe. Fedha ni madini, na fedha ni pesa. Tunasema Wizara ya Fedha bila kufikiria, lakini karne ya 19 hapa pwani lilikuwa neno la kawaida kabisa: pesa kubwa ilikuwa ni madini yaliyopigwa chapa. Kulikuwa na reale ya Maria Theresa, iliyotoka Austria, gramu 28, zaidi ya gramu 23 zikiwa fedha tupu. Kulikuwa na reale ya Uhispania yenye picha ya nguzo mbili. Wazee wetu waliziona zile nguzo wakasema ni mizinga, ikaitwa reale ya mzinga. Ukiwa na reale ulikuwa na uhuru fulani: ukitaka unanunulia nguo, ukitaka unampelekea sonara anakufulia kekee au furungu. Mwanamke alivaa akiba yake mguuni. Njaa ikija, furungu linarudi sokoni kwa uzito.

Na kwa taarifa yenu, reale haijafa. Mnaoita senti 50 "sumuni", hiyo ni thumni, sehemu ya nane. Nane ya nini? Ya reale, iliyohesabiwa kuwa shilingi nne. Mnaitaja bila kuijua.

Halafu ikaja rupia ya India. Kampuni ya Waingereza iliyotawala huku ilipiga na ya kwake mwaka 1888, imeandikwa Mombasa, lakini ya India ndiyo iliyozunguka. Gramu 11.66, na karibu 10.7 kati ya hizo ni fedha. Kuanzia 1901 kodi ya kibanda ikaanza kudaiwa. Hapo ndipo wengi wa mababu zetu wa Kwale walipoifahamu vizuri sarafu ya fedha: kama kitu unachokwenda kumfanyia mtu kazi ili umpe mtu mwingine. Wanaokumbuka uzito wake mkononi husahau ilikaa mkononi siku ngapi.

Sasa fuateni hesabu, hapa ndipo penye uhondo. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza rupia 15 zilikuwa pauni moja. Vita vikapandisha bei ya madini ya fedha duniani, na rupia, kwa kuwa ilikuwa fedha hasa, ikapanda nayo. Uhaba ukawa mkubwa, India ikachapisha noti ya rupia moja mwaka 1917. Mwaka 1920 London ikaamua rupia ya huku iwe shilingi mbili za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa pauni. Pesa ilipata nguvu kwa nusu nzima! Hiyo ndiyo ndoto ya kila anayehutubia kuhusu shilingi imara, sivyo?

Muulize aliyeishi humo. Masetla walikuwa na madeni ya rupia na mazao wanayouza kwa pauni. Deni likavimba, mapato yakabaki palepale, na bei za mazao zikaanguka juu yake. Wakatafuta pa kupunguzia. Mwaka 1921 wakakata mishahara ya wafanyakazi Waafrika kwa theluthi moja. Hasira ya mishahara hiyo, pamoja na kodi na kipande, ndiyo iliyojaza watu barabarani Nairobi, mpaka Machi 1922 polisi wakawapiga risasi. Pesa imara ilimfikia kibarua kama mshahara mdogo. Sisemi pesa dhaifu ni nzuri, msininukuu vibaya. Nasema ukisikia "imara", uliza imara kwa nani, na nani atalipia.

Na ile sarafu yenyewe je? Rupia ikaondolewa, ikaja florini ya 1920. Thamani ileile, shilingi mbili, uzito uleule, lakini nusu tu ndiyo fedha: gramu 5.8. Florini haikumaliza hata miaka miwili, ikaja shilingi yetu ya simba, imepigwa 1921, robo tu ndiyo fedha. Shilingi mbili pamoja zina gramu 3.9. Thamani iliyoandikwa haikusogea, madini yakatoka 10.7 yakaenda 5.8 yakaenda 3.9. Na senti? Rupia ilikuwa senti 100. Shilingi, iliyo nusu ya rupia, nayo senti 100. Senti ikakatwa katikati, na wenye senti ni akina nani kama si maskini. Kisha 1948 shilingi ikapigwa kwa shaba nyeupe, mchanganyiko wa shaba na nikeli. Fedha sifuri. Simba yuleyule, milima ileile.

Ndiyo manake sonara alisoma mwaka tu.

Msidhani ni ujinga wa wakoloni huku kwetu peke yake. Uingereza ilishusha sarafu zake kutoka asilimia 92.5 hadi 50 mwaka huohuo wa 1920. Marekani mpaka Machi 1964 ulikuwa unaweza kwenda Hazina na dola moja ya karatasi ukapewa dola ya fedha, kwa bei iliyoandikwa, pengine ya karne ya 19. Watu walipogundua madini yanakaribia kuizidi karatasi, foleni zikapangwa na dirisha likafungwa. Wazee wa kule mpaka leo hujilaumu, laiti ningechukua gunia zima.

Hapo ndipo nina ugomvi na kauli ya jukwaani. Sarafu ya fedha hupatikana kwa bei iliyoandikwa pale tu ambapo fedha iliyo ndani haizidi bei hiyo, yaani pale ambapo hakuna faida ya kuichukua. Faida ikija, sarafu inapotea siku hiyohiyo, na anayeiwahi ni yule aliye karibu na dirisha la benki. Wa Msambweni atasikia mwisho. Mama yake bibi alisikia mwisho: rupia zilipobadilishwa, habari ilimfikia wakati imekwisha, ndiyo maana zile mbili zilibaki mkebeni. Kwake zilikuwa hasara mpaka anakufa. Faida yake nimeila mimi, kitukuu.

Mtaniuliza kuhusu "dola ilikuwa shilingi 7". Kweli, miaka ya kwanza ya Benki Kuu iliyoanza 1966 ilikuwa 7 na kidogo, kwa sababu kiwango kiliwekwa na kushikiliwa. Leo ni karibu 130. Hiyo ni hoja halali ya kujadili mfumuko wa bei na sera, na nitaifanyia uzi wake. Lakini hiyo shilingi ya 7 haikuwa na chembe ya fedha ndani. Anayechanganya hizo mbili jukwaani ama hajui, ama anajua nyinyi hamjui.

Rupia tuliuza. Ilitosha nauli ya kurudi chuo na akiba kidogo, ada bado nadaiwa. Njiani kurudi Msambweni, kwenye matatu, nilitaka kumweleza bibi haya yote ya 1948. Mjomba akanigusa goti ninyamaze. Bibi alikuwa ameifungua pembe ya leso, anaisugua ile shilingi kwa kidole gumba.

"Huyo sonara," akasema, "babake namjua. Alikuwa mwongo pia."

Shilingi imerudi kwenye mkebe.