Uyoga, Chakula na Dawa ya Wazee Wetu

Mvua za kwanza zikisha kunyesha huku kwetu Kongolo, akina mama na watoto hushika vikapu wakaingia porini kutafuta uyoga, ambao wengi wetu twauita bowa. Kazi hiyo ni ya zamani kuliko reli iliyofika hapa kutoka Kindu mwaka 1910. Leo twataka kueleza habari zake, maana elimu ya uyoga yaokoa watu, na kuikosa kwaua.

Tangu kale watu wameutumia uyoga kama dawa. Mwaka 1991, katika milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, ilionekana maiti ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, imehifadhiwa na barafu. Miongoni mwa vitu vyake vilikuwamo vipande viwili vya uyoga wa mti, vimetungwa katika kamba za ngozi. Wataalamu wengi hudhani vilikuwa dawa yake ya safarini. Katika karne ya kwanza, mganga Mgiriki Dioscorides aliandika sifa za uyoga mmoja wa miti, akausifu karibu kwa kila ugonjwa. Nao wazee wa Afrika, kama wazee wa Ulaya na Asia, walijua ule uyoga wa mviringo kama mpira, ambao ukikauka hutoa vumbi: vumbi hilo walilitia juu ya jeraha ili damu ikome.

Lakini mfalme wa uyoga wa huku ni ule wa kichuguu. Je, wajua kwa nini huota hapo? Mchwa ni wakulima! Hutafuna miti na majani makavu, wakajenga matuta ndani ya kichuguu, na juu yake wakalima kuvu, ambayo huwalainishia chakula. Mvua ikija, kuvu hiyo hupandisha uyoga juu ya ardhi kwa mzizi mrefu. Aina moja, iliyoandikwa na wataalamu mwaka 1980 kutoka Zambia, kofia yake yaweza kufika karibu mita moja! Jina la ukoo huo, Termitomyces, lilitolewa na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Hata hivyo mama zetu walikuwa wamekwisha kuupa majina yao zamani sana.

Sasa tufike penye hatari. Watu wengi husadiki alama za bure: ati uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, ati ukipikwa pamoja na kitunguu au sarafu ya fedha, nao ni wa sumu, kitunguu au sarafu hugeuka kuwa nyeusi. Alama hizo zote ni uongo. Wadudu hula uyoga unaoua mtu, wasidhurike. Tena sumu iliyo kali kupita zote haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Aliyeila hukaa saa 6 au hata 24 bila kuona neno, kisha hutapika na kuhara. Halafu apata nafuu, jamaa wakafurahi, kumbe ini linaharibika, na baada ya siku chache aweza kufa. Kwa hiyo anayetapika baada ya kula uyoga apelekwe hospitali mara moja, hata akipata nafuu, pamoja na mabaki ya uyoga wenyewe.

Wengine husema, uyoga wenye kikombe chini ya shina usiguswe. Ni kweli kwamba wauaji wengi wana kikombe. Lakini katika misitu ya miombo watu hula aina moja nzuri yenye kikombe vilevile. Basi alama moja haitoshi. Sisi tulipokuwa wadogo, bibi zetu walitukataza kutia kikapuni uyoga tusioujua jina. Hiyo ndiyo sheria iliyo bora.

Lakini tangu mwaka 2016 mapigano ya Watwa na Waluba yamehamisha maelfu mengi ya watu katika jimbo letu la Tanganyika. Mtoto aliyekulia kambini, mbali na bibi yake, atafundishwa na nani? Na mgeni aweza kuokota uyoga unaofanana na ule wa kwao, kumbe ni mwingine.

Ukiwa umepata uyoga unaojulikana, uchimbue mpaka shinani, usiukate juu tu, ili uone sehemu zake zote. Uuweke kikapuni penye hewa, uuoshe, uupike siku ileile mpaka uive vizuri, pamoja na karanga au mawese, ule na bukari. Ulio mwingi uanike juani au juu ya moshi wa jiko.

Na dawa je? Ni kweli, penisilini iliyogunduliwa na Alexander Fleming huko London mwaka 1928 yatoka katika kuvu, ndugu ya uyoga. Lakini dawa hiyo husafishwa na kupimwa. Nyumbani hatuna kipimo. Basi uyoga uwe chakula chetu, na mgonjwa aende kwa mganga.

Ndugu msomaji, kama bibi yako yu hai, mvua ijayo fuatana naye porini pamoja na watoto wako. Uliza jina la kila uyoga, ukaliandike.